MMEA HUNYWA NAMNA GANI, NA AKIBA YAKE HUWEKA WAPI?

Kila msimu wa kutia mbolea ya pili kwenye mahindi, huletwa katika ofisi za kilimo majani yaliyoungua pembeni kama karatasi iliyokaribia moto. Mwenye shamba huwa amekasirika, naye ana haki. Amenunua mfuko kwa pesa nzuri, ameubeba mpaka shambani, ametia konzi moja kwa kila shina, na badala ya mahindi kunenepa yamekauka. Wengi husema, "Mbolea hii ni mbovu," au "Duka limetuuzia sumu." Pengine ni kweli mbolea imechanganywa na takataka, na hilo ni jambo la kupelekwa kwa wakubwa mara moja. Lakini mara nyingi mbolea ni njema kabisa. Shida ni kwamba mmea umepewa kinywaji ambacho hauwezi kukinywa.

Mmea hauna mdomo wala koo. Jani, shina, mzizi na tunda, vyote vimejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na vyumba hivyo huitwa seli. Mwingereza Robert Hooke aliviandika habari zake mwaka 1665, alipotazama kwa hadubini kipande chembamba cha gome la mti akaona vijumba vingi vilivyopangwa kama sega la nyuki. Ukipanga seli kumi za mmea kwa mstari mmoja, mara nyingi hazifiki milimita 1.

Katika seli ya mmea kuna vitu vitatu ambavyo yafaa mkulima avijue. Nje kuna ukuta mgumu wenye vitundu, nao hupitisha maji na vitu vilivyoyeyuka bila kuuliza habari. Ndani ya ukuta kuna utando mwembamba ulio hai. Huo ndio bawabu, kwa maana huchagua nani aingie na nani abaki nje. Na katikati ya seli iliyokomaa kuna mfuko mkubwa wa maji, ambao pengine huchukua sehemu 9 katika 10 za nafasi yote. Mfuko huo ndio ghala. Maji yake si maji matupu, bali yana sukari, chumvi za namna nyingi, na vitu vichungu ambavyo tutavitaja baadaye.

Nikisema chumvi sina maana ya chumvi ya jikoni peke yake. CAN ni chumvi, DAP ni chumvi, magadi ni chumvi. Zikitiwa majini, sehemu yake kubwa huyeyuka isionekane tena, lakini haikupotea.

Sasa sikiliza kanuni moja, maana mambo mengi ya shamba hutoka katika kanuni hii. Maji hupita katika utando wa seli yakitoka upande wenye vitu vichache vilivyoyeyuka, yakienda upande wenye vitu vingi. Akina mama waijua kanuni hii bila kuambiwa na mtu. Mama akikata nyanya na vitunguu vya kachumbari, akanyunyiza chumvi, baada ya dakika chache sahani ina maji. Hakuna aliyeyamwaga humo. Chumvi iliyo nje imeyavuta kutoka ndani ya seli za nyanya.

Atakaye kuona zaidi na ajaribu hivi nyumbani, hata watoto wa shule waweza kusaidia. Kata kiazi kikubwa kibichi vipande viwili. Chukua kimoja, menya ganda la upande wa chini, na upande wa juu uchimbe shimo kama kikombe. Kiweke katika sahani yenye maji kidogo, kisha tia kijiko cha sukari kavu katika shimo. Kipande cha pili kitengeneze vivyo hivyo, lakini kwanza kichemshe mpaka kiive. Viache mpaka jioni. Katika kiazi kibichi utaona shimo limejaa maji yaliyopanda kutoka sahanini kwa kupita katika seli. Katika kiazi kilichochemshwa maji hayapandi namna hiyo. Moto umeua utando, na bawabu akifa hakuna mlango tena.

Turudi kwenye mahindi. Udongo ukiwa mzuri, maji yaliyomo yana chumvi kidogo tu, na seli za mzizi zina nyingi zaidi. Kwa hiyo maji huingia mzizini. Ukitia konzi ya CAN karibu na shina, na udongo una unyevu mdogo, punje huyeyuka katika maji hayo machache, nayo yakawa makali kuliko maji ya ndani ya mzizi. Basi mambo hugeuka. Maji hukataa kuingia, na pengine hata yale yaliyokuwa mzizini huanza kutoka nje. Jani huungua kwa kiu, ingawa udongo chini yake haujakauka.

Kwa hiyo kipimo cha kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo, ambacho Bwana Shamba hukitaja mpaka watu wakachoka, kina maana yake. DAP huchanganywa na udongo shimoni kwanza, ndipo mbegu iwekwe; mbegu isiguse punje. CAN hutiwa mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa umelowa, mbali na shina kiasi cha upana wa kiganja cha mkono. Usitie wakati wa jua kali kwa kutumaini kwamba mvua itakuja kesho. Ikiwa umekwisha kukosea, okota punje unazoziona, na kama maji yapo, mwagilia kwa wingi ili chumvi ishuke chini. Samadi mbichi ya kuku huunguza kwa sababu zinazofanana na hizo. Iache ioze kwanza.

Kanuni hii ndiyo inayosimamisha mboga. Seli iliyoshiba maji husukuma ukuta wake kwa nguvu nyingi, mara 2 au zaidi ya nguvu ya hewa iliyomo katika gurudumu la motokaa ndogo. Jani la sukuma wiki halina mfupa. Lasimama kwa nguvu hiyo tu. Maji yakipungua, ukuta hulegea, na jani hulala.

MIZIZI YATAKA HEWA

Maji huingia yenyewe kwa kanuni tuliyoieleza, na tena yana vijia vyake maalum katika utando. Mmarekani Peter Agre alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003 kwa kuvigundua. Chakula cha mmea ni jambo jingine. Naitrojeni, fosfeti na potasi haziwezi kupenya utando ovyo. Kila moja ina mlango wake, na mara nyingi seli hulazimika kuisukuma kwa nguvu, kwa sababu ndani imekwisha kuwa nyingi kuliko nje. Fosfeti iliyo ndani ya seli ya mzizi yaweza kuwa mara 1,000 ya ile iliyo katika maji ya udongo. Ni kama kumpandisha ng'ombe mlimani. Hapandi bila kusukumwa.

Nguvu hiyo yatoka wapi? Yatoka katika sukari, ambayo seli huichoma polepole bila moto, kwa msaada wa hewa. Ndiyo sababu mzizi wataka hewa kama mtu.

Neno hili nawaambia hasa wakulima wa nyanda za juu walio na udongo mweusi unaotuama maji wakati wa masika. Utaona mahindi au ngano ya manjano katika sehemu za bondeni, na jirani atakushauri uongeze mbolea. Usiongeze kwanza. Chakula chaweza kuwapo tele udongoni, lakini mizizi imezama, hewa imekwisha, na seli hazina nguvu ya kusukuma. Ajabu ni kwamba mmea wa namna hiyo waweza hata kunyauka hali umesimama majini, kwa sababu mzizi uliokosa hewa hufunga vile vijia vya maji. Tena naitrojeni uliyotia hugeuzwa na vijidudu vya udongoni ikawa hewa, ikapotea juu. Dawa yake ni jembe: chimba mtaro wa kutoa maji, panda juu ya matuta. Mtaro ukichimbwa mara moja na kuzibuliwa kila mwaka, mbolea utakayonunua itakuwa na kazi ya kufanya.

Mpunga wa Mwea una namna yake. Shina lake lina mifereji ya hewa inayoishusha mpaka mizizini, kwa hiyo usiufananishe na mahindi.

Mzizi mnene unaouona ukiung'oa mmea ni wa kushikilia na wa kupitishia. Kinywaji huingia zaidi kwa vinyweleo vyembamba karibu na ncha za mizizi, na kila kinyweleo ni seli moja iliyojinyoosha. Mwaka 1937 Mmarekani aitwaye H. J. Dittmer alitoa hesabu ya mizizi ya mmea mmoja wa rai, ndugu ya ngano, uliokuzwa miezi 4 ndani ya sanduku. Mizizi yake yote, ikiungwa, ilifika kilomita 623. Kutoka Nairobi mpaka Mombasa kwa barabara ni kama 480 tu. Vinyweleo vilikuwa karibu bilioni 14. Kazi ya kuhesabu ilikuwa kubwa, nami simwonei wivu.

Ukijua hayo utafahamu kwa nini miche ya kabichi hulala siku ya kuhamishwa. Ukiing'oa kwa kuivuta, vinyweleo vyote hubaki kitaluni. Mche una majani yanayopoteza maji na hauna vinywa vya kuyaleta. Lowesha kitalu kwanza, chimbua mche pamoja na udongo wake, hamisha jioni au siku ya mawingu. Baada ya siku chache vinyweleo vipya humea.

Fosfeti ina taabu nyingine. Naitrojeni ya CAN husafiri na maji, hata mvua kubwa huishusha chini kuliko mizizi inavyofika. Fosfeti haisafiri; katika udongo mwekundu wenye asidi hushikwa na udongo palepale, ikasogea milimita chache tu. Mzizi ndio wa kuifuata. Kwa hiyo DAP hutiwa shimoni wakati wa kupanda, na mtu anayeimwaga juu ya ardhi wakati wa palizi hupata faida ndogo sana.

BARABARA MBILI NDANI YA SHINA

Ndani ya shina kuna mirija ya namna mbili. Ya kwanza hupandisha maji na chumvi kutoka mizizini. Hakuna pampu inayoyasukuma mpaka juu. Majani ndiyo huyavuta, kwa kuwa maji hutoka kama mvuke katika vitundu vya jani, na yanayotoka huvuta yaliyo nyuma yake kama uzi. Katika maji yote ambayo mmea hunywa, zaidi ya sehemu 95 katika 100 hutoka kwa njia hiyo.

Ya pili huchukua sukari. Jani hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua, na sukari hiyo yapaswa kufika kila mahali pasipo na jani: mzizi, kiazi, gunzi. Mjerumani Ernst Münch alieleza mwaka 1930 namna inavyokwenda, nayo ni kanuni yetu ileile ya kachumbari. Jani hutia sukari katika mrija. Maji huifuata sukari yakaingia. Mrija hujaa na kusukuma. Huko mwisho kiazi huitoa sukari na kuiweka akiba, maji nayo hutoka. Hivyo mkondo huenda daima kutoka palipo na sukari nyingi mpaka palipo na njaa, pengine nusu mita mpaka mita moja kwa saa. Mirija hii hupita katika gome la mti. Ukifunga waya kuzunguka mti wa parachichi, au mbuzi wakila gome pande zote, mizizi hufa njaa, na mti hufa baadaye ukiwa bado na majani juu.

Hapa nataka kusema habari ya kunyonyoa mahindi majani. Najua ng'ombe wa maziwa hawangoji, na wakati wa kiangazi majani mabichi ya mahindi hutamanisha. Lakini jani lililo karibu na gunzi ndilo linalolilisha gunzi hilo. Ukilichuma wakati punje bado zina maziwa, umeuza mahindi yako kwa bei ya nyasi. Ngoja punje zigande. Toa moja, itazame chini mahali ilipokuwa imeshikamana na gunzi: ikiwa na alama nyeusi, mlango umefungwa, hakuna sukari zaidi itakayoingia. Siku hiyo chuma majani yote upendayo, kata na vilele.

Kwa viazi ni hivyohivyo. Majani yasikatwe mapema. Yakianza kuwa manjano yenyewe, yakate, uache viazi ardhini wiki 2 hivi ili ganda likauke, ndipo uchimbe. Kiazi chenye ganda gumu hakichubuki mfukoni, wala hakiozi upesi.

Wanaosumbuliwa na sangari wafahamu pia kwamba dawa za magugu zile zinazosafiri ndani ya mmea hupanda gari la sukari. Zikinyunyizwa juu ya majani mabichi yanayokua vizuri, hushuka pamoja na sukari mpaka mizizini na kuiua. Zikinyunyizwa juu ya majani makavu au yaliyokwisha kufyekwa, hakuna gari, na fedha imemwagwa.

GHALA, NA SUMU ILIYOMO

Kuna swali ambalo mwanafunzi mwerevu huuliza: kiazi kikipokea sukari kila siku, mbona hakivuti maji mpaka kikapasuka? Jibu ni zuri. Seli za kiazi hugeuza sukari kuwa wanga, na wanga hauyeyuki katika maji baridi. Kitu kisichoyeyuka hakivuti maji namna ile. Hivyo mmea waweza kujaza ghala bila kuleta mafuriko. Tia tone la ayodini, ile dawa ya vidonda, juu ya kiazi kilichokatwa. Kitakuwa cheusi chenye rangi ya buluu, na huo ndio wanga. Ndizi mbichi ina wanga. Ikiiva hugeuzwa tena sukari. Muwa ndio mkaidi: huweka sukari yenyewe, ndani ya mifuko ya seli zake.

Chumvi kuvuta maji kwaweza pia kutusaidia ghalani. Kabla ya kuweka mahindi akiba, chukua chupa kavu kabisa, tia mahindi yajaze robo, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu ya jikoni, funga, tikisa dakika chache, kisha acha chupa itulie robo saa. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, mahindi yana maji mengi, yarudishe juani. Isiposhika, yamepungua chini ya sehemu 15 katika 100. Hata hivyo anika siku moja au mbili zaidi, kwa maana kipimo cha ghala ni 13.5. Mahindi yenye maji huota ukungu, na ukungu huo huleta sumu ya aflatoksini ambayo kupika hakuiondoi.

Mwisho ni habari ya mtama, nayo yataka uangalifu kuliko yote, hasa kwa wenye ng'ombe wa gredi. Mtama mchanga na nyasi za Sudan huweka katika mifuko ya seli zao kitu ambacho peke yake hakidhuru. Kitu cha kukigeuza huwekwa katika seli nyingine. Mmea ukisimama salama, viwili hivyo havikutani. Ng'ombe akitafuna, kuta huvunjika, vinakutana, na mara hutoka sianidi, sumu kali sana. Muhogo mchungu hufanya vivyo hivyo, ndiyo sababu wazee huukwangua, huuloweka na kuukausha kabla ya kuula.

Hatari ni kubwa zaidi mtama ukiwa mfupi, ukiwa umechipuka tena baada ya kukatwa, au mvua ikinyesha baada ya ukame na machipukizi mororo yakatokea. Mbolea nyingi ya naitrojeni huongeza sumu hiyo. Usiwaachie ng'ombe mtama ulio chini ya futi 2, wala usiwapeleke wakiwa na njaa. Wape nyasi kavu kwanza. Ukitengenezwa saileji, sumu hupungua sana, lakini ngoja wiki kadha kabla ya kufungua shimo. Ng'ombe aliyekula sumu hii huhema kwa haraka, hutetemeka, huyumba na kuanguka, na aweza kufa kwa muda mfupi kuliko unaohitajiwa kwenda sokoni na kurudi. Dawa ya kumdunga ipo, ila ni ya daktari wa mifugo, nayo yafaa ikiwahi. Kwa hiyo ukiona dalili ya kwanza, watoe wote shambani, na mtu mmoja aende kumwita daktari papo hapo, au apige simu.